Kunyoosha Nani?

Wakubwa wetu wanalipenda sana neno "streamline": tuta-streamline matatu, masoko, hata mitaa. Mwanzo wake ni maji na hewa, yaani umbo kama la samaki, linalopita bila kupingwa. Wengi hulitafsiri "kurahisisha". Tamu mno, kwa maoni yangu.

Februari 2004, sheria za Michuki zilipoanza kazi, matatu za Kawangware nazo zilibidi ziwe na mikanda, spidi gavana na ule mstari wa njano. Nissan ikawa abiria 14, basi, hakuna kuning'inia. Sawa, hapo nakubali.

Lakini Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera, zikabomoa nyumba na shule ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite. Hiyo nayo tuiite kurahisisha? Mtaani tuna "kunyoosha": barabara hunyooshwa, na mtu akichapwa adabu pia amenyooshwa. Kiingereza hakikulazimishi kusema nani alikuwa njiani. "Tumewanyoosha" ina ile -wa- katikati, na ukiitamka Kibera utaulizwa ni akina nani, na sahi wanalala wapi.