Toleo ni Nini? Kuhusu Safari ya Kwanza ya Majarida kutoka Karatasi hadi Kompyuta

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili waliwahi kuuliza shairi ni nini, na swali hilo likala karatasi nyingi, pamoja na urafiki wa watu kadha wa kadha, katika miaka ya 1960 na 1970. Swali la jarida ni nini halikupata bahati hiyo. Tumelichukulia jarida kuwa chombo tu cha kubebea makala, mithili ya kapu la maembe: maembe yakishatolewa, kapu halina habari tena. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro yenyewe ilidhihirika pale majarida ya Marekani yalipoanza kuhamia kwenye kompyuta. Ajabu ni kwamba waliolazimika kulijibu swali hilo huko hawakuwa wahakiki bali majaji.

Uhamaji huo, kinyume cha inavyodhaniwa mara nyingi, haukuanza na intaneti. Hifadhidata ya Nexis, iliyokusanya maandishi ya magazeti na majarida, ilianza kutumiwa karibu na mwaka 1980, wakati taipureta ilikuwa ingali mfalme wa ofisi zetu. Kilichohifadhiwa humo kilikuwa maneno matupu: kichwa cha makala, jina la mwandishi, tarehe, nambari ya ukurasa, kisha matini yenyewe mfululizo. Picha hazikuwamo, wala matangazo, wala barua iliyochapishwa upande wa pili. Nambari ya ukurasa ilibaki ingawa ukurasa wenyewe haukuwapo. Ilikuwa kama anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Mwandishi wa makala haya alijikwaa papo hapo alipokuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamili. Katika kuandaa insha ya semina alisoma, kwa njia ya hifadhidata, makala ya miaka ya 1980 kutoka jarida moja la kila wiki. Katika aya ya tatu mwandishi wa jarida alisema, bila kumtaja mtu yeyote kabla, kwamba "huyu" hakuwa na haraka tena. Mwanafunzi akafurahi. Alijaza kurasa mbili akieleza kwamba kiwakilishi kisicho na rejeleo ni mbinu ya makusudi, kwamba mwandishi anamtenga msomaji na ulimwengu, na mengineyo ya namna hiyo ambayo hayafai kurudiwa hapa. Msimamizi aliisoma insha, akanyamaza, kisha akamchukua mwanafunzi wake hadi ghala la chini la maktaba, yalikowekwa majuzuu yaliyojalidiwa. Katika ukurasa uliokabiliana na aya ile kulikuwa na picha ya mzee ameketi kwenye ngazi za nyumba. "Huyu" alikuwa na rejeleo lake, na rejeleo hilo lilikuwa picha.

Kosa lilikuwa la mwanafunzi, wala hatukusudii kulitupia mashine. Hata hivyo linatufundisha jambo la kiisimu. Sarufi ya jarida haiishii kwenye nukta ya mwisho ya sentensi. Viwakilishi, kinaya, hata kiimbo cha kichwa cha habari huweza kuegemea kitu kilicho pembeni, ambacho si maneno ya mwandishi na pengine mwandishi hakukiona kabla ya kuchapishwa. Huu ndio tunaouita ujirani wa matini.

Ujirani huo ulifikishwa mahakamani na waandishi sita wa kujitegemea, wakiongozwa na Jonathan Tasini, walioishtaki kampuni ya The New York Times na wachapishaji wenzake mwaka 1993. Walikuwa wameuza makala yao yachapishwe kwenye karatasi, nayo yakaingizwa katika hifadhidata na sidi bila idhini wala malipo mapya. Wachapishaji walijitetea kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976, inayomruhusu mwenye mkusanyo kuchapisha tena mchango wa mwandishi ikiwa ni sehemu ya mkusanyo ule ule au ya marekebisho yake. Basi kesi yote ikategemea swali moja: je, toleo lililovunjwavunjwa na kutiwa katika hifadhidata bado ni toleo lile lile lililorekebishwa, au limekwisha kuwa kitu kingine?

Mahakama ya wilaya iliwapa ushindi wachapishaji mwaka 1997, Mahakama ya Rufaa ikaupindua mwaka 1999, na tarehe 25 Juni 2001 Mahakama ya Juu ikakata shauri, majaji saba dhidi ya wawili, kwamba hicho ni kitu kingine. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeiandika hukumu, alilinganisha hifadhidata na maikrofilamu. Maikrofilamu hulipunguza toleo hata likawa dogo mno kusomwa kwa macho, lakini msomaji anapoipitisha kwenye mashine huyakuta makala mahali yalipokuwa, huku jirani zake wakiwa wamekaa kando yake. Hifadhidata humletea msomaji makala peke yake. Majaji wawili waliopinga waliona kwamba kuligeuza toleo kuwa mafaili ya elektroni ni suala la ufundi tu.

Kwa maoni yetu sehemu yenye makali zaidi katika hukumu hiyo ni ile isiyozungumzwa sana. Miongoni mwa bidhaa zilizoshtakiwa ilikuwamo sidi iliyohifadhi picha za kurasa zenyewe, pamoja na picha na matangazo yaliyokuwamo. Mtu angetarajia hiyo inusurike. Haikunusurika, kwa kuwa msomaji aliletewa kurasa za makala aliyoyatafuta bila kurasa nyingine za toleo. Yaani mahakama ilikataa kuukubali ukurasa kuwa kipimo cha mwisho cha ujirani. Mhakiki wa fasihi angejivunia kuiandika aya hiyo. Tunachoweza kuilaumu nacho mahakama ni kwamba ilihesabu majirani wa mahali ikawasahau majirani wa wakati. Barua ya msomaji hulijibu toleo lililopita. Hadithi ya mfululizo hungoja toleo lijalo. Wiki ile ya kungoja nayo ni sehemu ya matini, na hakuna maikrofilamu inayoweza kuipiga picha.

Shirika la National Geographic lilichukua njia nyingine. Mwaka 1997 lilitoa mkusanyo wa matoleo yake yote tangu 1888 katika sidi 30, kila ukurasa ukionekana kama ulivyochapishwa. Wapigapicha na waandishi walilishtaki pia, na kwa muda mahakama zilipingana. Lakini kufikia 2005 huko New York, na 2008 katika kesi ya mpigapicha Jerry Greenberg, shirika lilishinda kwa hoja kwamba toleo zima limehifadhiwa katika muktadha wake. Vilevile The New Yorker lilitoa mwaka 2005 kurasa zake zote za miaka 80 katika diski nane, matangazo ya magari na manukato yakiwamo. Kwa hiyo ikawa kwamba aliyeiga karatasi kwa uaminifu alikuwa salama, na aliyeutumia uwezo halisi wa kompyuta, yaani kutafuta na kutenga, ndiye aliyekuwa hatarini. Hatudai kwamba hukumu hizi ndizo zilizowafanya wachapishaji waendelee kuiga karatasi kwa miaka mingi. Mazoea yalitosha. Jarida la Slate, lililozaliwa mwaka 1996 bila kuwa na nakala ya karatasi ya kuigwa, lilianza na nambari za kurasa. Wired, jarida lililojinasibu kuwa sauti ya wakati ujao, lilitoa toleo lake la iPad mwaka 2010 kwa faili zito la takribani megabaiti 500, ambamo maneno yenyewe yalikuwa picha: huwezi kuyanakili wala kuyatafuta. Nakala zaidi ya 100,000 ziliuzwa katika mwezi wa kwanza. Kabla ya mwaka kwisha mauzo ya toleo moja hayakufikia 25,000. Newsweek nalo liliaga karatasi tarehe 31 Desemba 2012, likairudia Machi 2014.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni malalamiko ya watu walioshiba. Mhadhiri wa Eldoret au Maseno hakupata kuliona toleo la karatasi la majarida hayo. Alichokipata ni hifadhidata, naye aliipokea kwa mikono miwili. Tunakubali, na bila shingo upande. Anayeulilia ukurasa aghalabu ni mtu aliyewahi kuwa nao. Jarida la Swahili Forum, lililoanza kutolewa Köln mwaka 1994, limekuwa la elektroni tangu 2003, na hakuna mtafiti wa Kiswahili katika Afrika Mashariki ambaye angependa lirudi kwenye makabati ya Ujerumani. Swali letu ni tofauti: anayesoma makala yaliyotengwa anasoma matini ipi, na je, anajua?

Na hapa hatuna budi kujitazama wenyewe. Jarida la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na ukurasa wake wa mashairi ulikuwa uwanja wa malumbano. Mshairi hutoa swali, mwenzake hulijibu katika toleo jingine, wa tatu huja kuwaamua au kuzidisha moto. Shairi la namna hiyo ni nusu ya mazungumzo. Ukilitoa mahali pake ukalitia katika diwani, beti zitabaki na vina vitabaki, lakini fumbo lililokuwa wazi kwa msomaji wa mwezi ule litageuka kuwa kina cha falsafa. Wahakiki wetu wamewahi kusifu kina cha falsafa mahali palipokuwa na utani wa watu wawili waliojuana. Itaonekana basi kwamba dhambi ya kutenga haikuletwa na kompyuta. Diwani zetu ziliitenda kwa wino. Tofauti iliyopo ni kwamba mhariri wa diwani huandika dibaji, akasema amechagua nini na kwa nini. Hifadhidata huchagua bila kusema kitu.

Ndiyo sababu tunapendekeza kwa idara yetu, ambayo siku hizi inajadili namna ya kuyaingiza matoleo yake ya zamani katika kompyuta, kwamba yaingizwe toleo kwa toleo, jalada hadi jalada, pamoja na masahihisho ya makosa ya chapa, matangazo ya makongamano yaliyokwisha kupita na ile orodha ya bei za vitabu ambayo leo inachekesha. Kuyatafuta makala moja moja kuruhusiwe, ila kila makala yawe na njia ya kurudi kwao. Kadhalika, mwanafunzi anapotaja makala ya jarida aeleze ameyasoma katika umbo gani: karatasi, picha ya ukurasa au matini tupu. Wenzetu wa filolojia hawamruhusu mtu kunukuu utenzi bila kutaja ni hati gani aliyoisoma. Hatuoni kwa nini jarida lidaiwe adabu ndogo zaidi.

Jambo moja limebaki kuhusu lile ghala la maktaba. Miaka kadhaa baadaye, tukiwa nyumbani, tulilipata toleo lile lile katika mkusanyo wa elektroni wa picha za kurasa, na kwa mara ya kwanza tukaliona jalada lake. Yule mzee wa kwenye ngazi alikuwa pale, mbele kabisa, akimtazama mnunuzi. Makala yalikuwa yakimwita "huyu" tangu kibandani kwa muuza magazeti. Katika juzuu la maktaba jalada hilo halikuwamo. Mjalidi alikuwa ameyakata majalada yote, kama ilivyokuwa desturi, ili juzuu lisiwe nene mno kwa rafu.