Kipimo Kibaki, Ada Ishuke

Mtihani wa mkanda wa karate ni miongoni mwa mitihani michache ambayo mtoto maskini anaweza kuingia bila kuangushwa na umaskini wa kwao. Hautaki kitabu cha kununua, hautaki Kiingereza, hautaki taa ya kusomea usiku. Unataka mwili, kumbukumbu na mwalimu. Kwa hiyo linapokuja suala la watoto wanaoishi katika mazingira magumu, yatima, watoto waliobaki na bibi zao, wale wanaotembeza karanga na mihogo wakitoka shule, rai yangu ni kwamba kipimo chenyewe kisiguswe hata kidogo. Cha kugusa ni vile vinavyouzunguka mtihani: ada, sare, nauli, saa na tumbo. Watu wengi wenye huruma hufanya kinyume. Wanaacha ada ilivyo, kisha wanalegeza kipimo.

Tuanze na namna mtihani huu ulivyojengwa. Madaraja ya dan, yaani ya mkanda mweusi, yalitoka kwenye judo: mwasisi wake, Jigoro Kano, aliwatunuku wanafunzi wake wawili wa kwanza mwaka 1883. Karate iliyafuata baadaye, Gichin Funakoshi alipotoa dan zake za kwanza Aprili 1924. Rangi za katikati, njano, machungwa, kijani na nyinginezo, zilienea Ulaya miaka ya 1930 kupitia judo, na Mikonosuke Kawaishi wa Paris hutajwa sana katika habari hiyo. Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake yeyote dan. Ngazi hizi basi ni chombo kilichotengenezwa na watu kwa kazi maalumu ya kufundishia, na chombo kinaweza kurekebishwa. Lakini kata, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa, zinazotahiniwa humo zina asili nyingine. Anko Itosu, aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, alizipanga kata tano za Pinan kwa ajili ya wanafunzi hao, na Funakoshi akaziita Heian. Miyagi naye mwaka 1940 alitunga Gekisai ili karate iwafikie vijana wengi zaidi. Mtindo wa Funakoshi na ule wa Miyagi yote ina wafuasi Tanzania. Goju-ryu ilipandwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, iliyojulikana kwa jina la Zanaki. Kwa maneno mengine, mtoto wa Tanga anayecheza kata ya kwanza anacheza kitu kilichotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya watoto wa shule, darasa zima kwa mpigo, katika kisiwa ambacho hakikuwa tajiri.

Sasa tuitazame kata yenyewe, kwa maana hapo ndipo haki ya mtihani huu ilipo. Heian Shodan, ya kwanza kati ya zile tano, ina hatua 21. Mtoto anageuka kushoto, anafagia chini kwa mkono, anapiga hatua na ngumi. Anageuka nyuma, anarudia kwa nyongeza ndogo. Kisha anakwenda mbele kwa vizuizi vitatu vya juu, na cha tatu kina ukelele. Baada ya ukelele huo inamlazimu azunguke robo tatu ya duara kwa kuanzia mguu wa nyuma. Hapo ndipo wanaoanza hupotea: mguu huenda upande usio wake, nyonga huchelewa, na mtoto hujikuta amewapa mgongo watahini. Mzunguko huo unarudi tena baada ya ngumi tatu za njia ya kurudi, na aliyeuelewa mara ya kwanza huonekana dhahiri mara ya pili. Akimaliza, anatakiwa awe amesimama pale pale alipoanzia. Akiwa pembeni kwa hatua nzima, maana yake hatua zake hazikulingana, na hakuna hotuba ya mwalimu inayoweza kulificha hilo. Mtahini mzuri haulizi mtoto huyu ni wa nani. Anatazama goti la mbele limepinda kiasi gani, kisigino cha nyuma kimeganda chini au kimenyanyuka, mkono unaorudi kiunoni umerudi kweli au umening'inia. Mtoto ambaye kila mahali anapimwa kwa jina la ukoo au kwa viatu vyake, hapa anapimwa kwa kisigino. Ukimwonea huruma kwenye kisigino, umemnyang'anya jambo pekee ambalo lilikuwa sawa kwake na kwa mwenzake.

Ila vipimo hivyo hudanganya iwapo mazingira ya mtihani hayakuandaliwa, na rasi ya Raskazone mjini Tanga ni mfano mzuri. Ni kitongoji cha bahari na miti, chenye hoteli na nyumba za bustani, mbali na Makorora au Mabawa kwa mtoto atembeaye kwa miguu. Mtihani ukifanyika ufukweni, mchanga mkavu humeza nyayo na kila msimamo huonekana mfupi na legelege. Mtahini ama asubiri maji yakipwa apate mchanga mgumu, ama atafute nyasi au sakafu ya saruji. Msimu wa kaskazi, saa nne asubuhi jua limeshawachosha watoto kabla ya kata ya kwanza. Alasiri nayo wengi wapo madrasa, na dojo inayohesabu mahudhurio bila kuangalia ratiba ya chuo inawaadhibu watoto kwa utii wao. Halafu kuna njaa. Mtoto aliyekuja bila kula husimama vizuri raundi ya kwanza. Raundi ya tatu mapaja yanatetemeka, na mtahini anaandika kwamba miguu ni dhaifu. Ameandika habari za chai ya asubuhi akidhani anaandika habari za karate. Kikombe cha uji kwa wote kabla ya kuanza hakishushi kipimo. Kinakisafisha.

Gharama nazo zinapunguzika kuliko inavyosemwa. Gi ni suti ya pamba nyeupe isiyo na vifungo wala mifuko, na fundi cherehani wa Ngamiani akipewa moja ya mfano hatashindwa kuishona. Kubwa ni ada ya mtihani. Walimu hujitetea kwamba dojo haiendeshwi kwa hewa, na hilo ni kweli: kuna pango, kuna michango ya chama, kuna vyeti. Lakini madaraja ya chini ya mkanda mweusi kwa kawaida hutolewa na mwalimu hapa hapa, bila cheti cha makao makuu ya ng'ambo. Basi ada ya madaraja hayo isibebe gharama za dan. Wenye uwezo walipe kamili, wasio na uwezo walipiwe na mfuko wa dojo, na orodha ya wanaolipiwa ikae kwa mwalimu peke yake, isisomwe mbele ya watoto.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu kushindwa. Husemwa kwamba mtoto aliyekwisha kuonja misiba hafai kuongezewa mwingine, apewe tu mkanda atiwe moyo. Naielewa nia hiyo, lakini matokeo yake ni mabaya. Watoto wanajuana, wanajua nani alipotea kwenye mzunguko na bado akafungwa njano. Na mkanda huo utakutana na mwenzake katika kumite, yaani pambano, ambapo rangi haizuii ngumi. Wengine huhofia kwamba tunawafundisha ugomvi. Mtihani wenyewe unajibu: katika zoezi la hatua tano, anayempiga mwenzake badala ya kuisimamisha ngumi karibu na mwili ndiye anayepoteza. Utafiti wa Kimberley Lakes na William Hoyt wa mwaka 2004, kwa watoto 207 wa shule moja Marekani, ulilinganisha mafunzo ya taekwondo na mazoezi ya kawaida kwa miezi mitatu, na wa taekwondo wakaonekana kupiga hatua zaidi katika kujidhibiti. Taekwondo si karate, na Marekani si Tanga, lakini hofu ya ugomvi haipati nguvu hapo. Kwa mtoto mwenye ulemavu, Shirikisho la Karate Duniani limekuwa na mashindano ya para-karate tangu Bremen 2014: wanaotumia viti vya magurudumu hucheza kata na kuamuliwa kwa vigezo vya wazi. Kazi hubadilishwa ilingane na mwili, ukali wa jicho hubaki.

Dawa ya kushindwa ni namna ya kushindwa. Mtahini amweleze mtoto pale pale, kwa sauti ya chini, kilichomwangusha: mguu uliokosea kwenye mzunguko, au kisigino. Apewe wiki chache za mazoezi, atahiniwe sehemu hiyo tu, na asidaiwe ada ya pili.