Yenye Pacha, Isiyo na Mkia: Usiku wa Kwanza na Star Analyser 100

"Mbona hii moja haina mkia?"

Aliyeuliza ni bibi mwenye nyumba, saa nane na nusu usiku, uani kwake Makunduchi, kanga ameitanda mpaka masikioni kwa upepo wa kaskazi. Alikuwa ameamka kwa sala ya usiku, akanisikia nikijisemesha peke yangu gizani, akatoka kuangalia huyu mgeni wa mjini amepatwa na nini. Kwenye skrini ya kompyuta kila nyota ilikuwa imevuta mkia wa rangi, urujuani ukianza na nyekundu ikimalizia, kama vishada vya watoto ufukweni. Kila nyota isipokuwa moja. Hiyo ilitulia mahali pake, na kando yake viduara viwili vilivyofanana nayo: kimoja cha kijani kinachovuta buluu, na mbele kidogo kingine chekundu, hafifu. Mkia hakuna.

Jamani, nusura nimkumbatie! Swali lake ndilo lililomshtua mwanaastronomia William Huggins huko Tulse Hill, London, usiku wa tarehe 29 Agosti 1864. Naye alikuwa na darubini ya inchi 8, upana uleule wa hii yangu. Aliielekeza kwenye kidoa cha kundinyota la Tinini, kile tunachokiita leo Jicho la Paka, akitarajia utepe wa rangi kama anaoupata kwa nyota. Akakuta mstari mmoja unaong'aa, basi. Kwanza alidhani kifaa chake kimeteguka na anaona mwanga ulioakisiwa ndani kwa ndani. Alipotulia akaona na mistari mingine miwili, myembamba zaidi, na hapo ndipo alipoelewa: hiki si kijiji cha nyota zilizosongamana mbali mno kwa jicho kuzitenganisha, kama wengi walivyodhani. Hii ni gesi.

Sisi tulikuwa tunatazama NGC 3242, Mzimu wa Mshtarii, katika kundinyota la Shuja. Jicho la Paka kwa huku kwetu hutambaa chini chini upande wa kaskazini, kwenye vumbi na minazi. Mzimu, kwa upande wake, ulikuwa juu kabisa.

Ngoja nipumue, nieleze mzigo wenyewe. Star Analyser 100 ni kioo cha duara ndani ya fremu ya chuma chepesi, kipana kama kizibo cha soda. Kimechorwa mistari 100 katika kila milimita, midogo kiasi kwamba ukikiangalia mchana unadhani ni kioo cha dirisha kilichofutwa vibaya. Unakikaza kwenye pua ya kamera, kama filta nyingine yoyote ya inchi 1.25, na kazi imeisha. Hakina betri. Hakina programu ya kupakua. Hakichajiwi, hakiombi nywila, hakijui kama intaneti ipo. Mwanga unapita, sehemu yake inakwenda moja kwa moja na kuchora nyota kama kawaida, na sehemu inapinda pembeni, kila rangi kwa kiasi chake. Nilikifungua kwenye boksi saa kumi na mbili jioni, na saa mbili nilikuwa nafanya fizikia ya nyota na mchanga miguuni.

Nilianza na nyota ya Shira, kwa kuwa haikosi kuonekana na hailaumu mtu. Mkia wake ulitoka mnene, na ndani yake mapengo meusi ya hidrojeni, yamepangwa kama meno ya kitana. Mapengo hayo ni rula ya bure: unajua pengo hili liko nanomita 486.1, lile 434, basi umeshajua kila nukta ya picha ina thamani gani. Nilipiga kelele. Mbwa wa jirani akanijibu.

Nebula ya Jabari ilifika saa nne, na hapa nina la kusema. Huku Zanzibar nebula hiyo hupita utosini hasa, kwa tofauti ya digrii moja hivi, jambo ambalo watazamaji wa Ulaya wangelilipia nauli. Ila stendi yenye mota hulazimika kulala karibu chali ili ifuate anga ya latitudo digrii 6, na wengi wanaozibuni hawakutufikiria. Niliweka gogo chini ya mguu mmoja. Kisha picha ikatoka, na kusema kweli ikaniangusha kidogo. Nebula hiyo ni pana mno. Kioo hiki hakina mwanya mwembamba wa kuubana mwanga, kwa hiyo kila rangi inachora nebula nzima, na nebula hizo zinalaliana kama kanga zilizotupwa kitandani. Nilipata ukungu wa kijani na ukungu mwekundu, na nyota nne za katikati zikiburuta mikia yake humo. Maridadi, ndiyo. Linalosomeka, kidogo.

Ndiyo maana Mzimu wa Mshtarii ulinitoa machozi. Ni mdogo, umejikusanya, na gesi yake haitoi rangi zote. Inatoa chache tu, kila moja mahali pake. Nyota ina mkia kwa sababu inasema kila kitu kwa mpigo. Gesi hii ina pacha wawili kwa sababu ina maneno machache na haiongezi.

Kiduara chekundu ni hidrojeni, nanomita 656.3, na nitrojeni imejibanza ubavuni mwake. Kile cha kijani ndicho kisa. Ndani yake mna hidrojeni pia, lakini kinachotawala ni mistari miwili, 495.9 na 500.7, ambayo kwa zaidi ya miaka 60 hakuna aliyeweza kuitengeneza maabara. Heli ilikuwa imeonekana kwenye Jua mwaka 1868 kwa njia hii hii kabla haijapatikana duniani, basi watu wakaona hakuna ubaya kuwa na kitu kingine kipya huko juu, wakakipa jina: nebuliamu. Mwaka 1927 Ira Bowen wa Marekani akakivua nguo. Ni oksijeni! Hii hii tunayovuta, ila imenyang'anywa elektroni mbili.

Na kwa nini maabara zilishindwa? Kwa sababu ya msongamano, wallahi. Elektroni iliyogongwa ikapanda ngazi ndani ya oksijeni hiyo haina njia rahisi ya kushuka. Inabidi ingoje wastani wa zaidi ya nusu dakika ndipo iachie mwanga wake wa kijani. Kwa atomu, hiyo ni dahari. Hebu simama kwenye kivuko cha Kigamboni asubuhi ujaribu kukaa nusu dakika bila kusukumwa. Katika hewa yetu sentimita moja ya ujazo ina molekuli kama 25 zenye sufuri 18 nyuma yake, na hata chupa iliyofyonzwa hewa kwa ustadi bado ni kivuko. Elektroni inapigwa kikumbo, nguvu yake inapotea, mwanga hautoki. Ndani ya nebula kuna chembe maelfu kwa sentimita hiyo hiyo, pengine pungufu. Pana nafasi ya kusubiri. Kwa hiyo ule ukijani niliouona uani ni rangi ya upweke, na ulitoka kwenye kitu kilichokaribia kuwa si kitu.

Kuna la pili. Kuivua oksijeni elektroni mbili kunahitaji mwanga mkali wa urujuanimno, mkali kuliko ule unaotosha kuivua hidrojeni elektroni yake moja. Kwa hiyo kiduara cha kijani kinashuhudia kuwa katikati kuna nyota ya moto wa kutisha, kiini cha jua lililozeeka likabaki mifupa. Bibi alisikiliza yote haya akiwa amekaa kwenye mbuzi ya nazi, akasema tu, "Kumbe maiti ndiye anayewasha taa."

Kasoro? Zipo, na si za kioo hiki pekee, ni za aina yake yote. Hakiwezi kutenganisha 495.9 na 500.7. Mstari dhaifu wa oksijeni wa 436.3, ambao ukilinganishwa na hiyo miwili hukupa joto la gesi kama kipimajoto cha zahanati, usahau. Jozi ya salfa ya 671.6 na 673.1, inayopima msongamano, nayo itatoka bonge moja. Mtu anayetaka hizo atafute spektroskopu yenye mwanya, aandae na pesa. Au ahamie Paranal, Chile, ambako chombo cha MUSE hukusanya spektra 90,000 kwa picha moja. Nasema hivi bila wivu. Wivu upo kidogo.

Galaksi ya M77 niliikosa, wingu lilikaa juu yake saa nzima ya mwanzo wa usiku. Niliumia, kwa kuwa ndiyo Edward Fath aliyoipima mwaka 1908 kwenye kituo cha Lick, akakuta kiini cha galaksi kikitoa mistari ya nebula. Carl Seyfert alirudi kwenye jambo hilo mwaka 1943, akakuta katika viini vya namna hiyo mistari iliyopanuka, dalili ya gesi inayokimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Leo tunajua anayeikimbiza: shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua, na mwanga unaovua atomu elektroni zake unatoka kwenye maada inayozunguka ikielekea kumezwa.

Basi saa tisa na nusu nikajaribu kwasa, yaani kiini cha namna hiyo hiyo, ila kilicho mbali zaidi. 3C 273, katika kundinyota la Mashuke, kidoa kisichoonekana kwa macho matupu, na mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 2. Kwa kioo cha ukubwa wa kizibo! Nilikusanya picha mpaka adhana ya alfajiri. Kila picha peke yake ilikuwa uchafu. Nilipozijumlisha mkia ukajitokeza, mwembamba, na juu yake uvimbe. Mmoja karibu na nanomita 563. Mwingine 503. Hakuna kitu cha kawaida kinachokaa hapo, na hapo ndipo mwanaastronomia Maarten Schmidt alipokwama Februari 1963, hadi alipogundua kuwa ni hidrojeni ile ile, yote imesukumwa kuelekea wekundu kwa asilimia 16. Nikachukua 563, nikagawa kwa 486.1. Mikono ilitetemeka nikakosea vitufe mara mbili. 1.158. Uvimbe wa tatu ulipaswa kuwa 760, palepale oksijeni ya hewa yetu inapomeza mwanga, na kweli ulitoka umeng'atwa bega.

Bibi alileta chai ya tangawizi, akainamia skrini.

"Na hii je?"

"Hii ina mkia, Bibi, ila mkia una vifundo."

Akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kama leo usiku nitakuwepo. Nilimwambia nipo. Jua lilipotua, uani palikuwa pametandikwa mikeka minne.