Mdogo kwa nani? Kosa la kalamu yangu nyekundu

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika uhakiki wake wa filamu ya The Irishman kwamba Robert De Niro "amefanywa mdogo". Nikapiga mstari mwekundu. Pambizoni nikauliza: mdogo wa umbo au wa umri? Nikamshauri aseme "amefanywa kijana", kisha nikamwondolea alama moja. Majuzi nimeitazama tena filamu yenyewe, dakika zote 209, na alama ile inanikera rohoni.

Hoja yangu ilikuwa kwamba kivumishi -dogo kinachanganya mambo mawili. Ukisema "huyu ni mdogo wangu", huenda huyo mdogo anakupita kimo kwa futi nzima. Nilidhani huo ni upungufu wa lugha. Nikasahau jambo ambalo mtoto yeyote aliyelelewa katika nyumba ya watu wengi analijua: hakuna mdogo wa peke yake. Unaweza kuwa kijana hata ukiwa umejifungia chumbani, ila udogo sharti uwe na mkubwa wake.

Turudi kwenye filamu hiyo ya 2019. Inamhusu Frank Sheeran, aliyezaliwa 1920, na bwana wake Russell Bufalino, wa 1903. Kati yao ni miaka 17. Waigizaji nao, De Niro na Joe Pesci, walizaliwa mwaka mmoja, 1943, Pesci akitangulia kwa miezi sita tu! Mwelekezi Martin Scorsese akawarejesha ujanani kwa tarakilishi. Kamera kuu iliwekewa nyingine mbili ubavuni, za kunasa mwanga ambao macho hayauoni, ili mafundi wapate umbo kamili la uso na kufuta makunyanzi bila kuwabandika wazee wa watu vitone usoni.

Nyuso zikatoka laini, sikatai. Lakini kuna onyesho ambapo Sheeran anamburura muuza duka aliyemsukuma bintiye, anamtoa nje na kumpiga mateke. Uso ni wa baba mwenye nguvu zake. Miguu ni ya mzee wa sabini na ushei, inayopima ardhi kabla ya kutua. Nilicheka, ilhali onyesho lile si la kuchekesha hata kidogo. Pale De Niro ni "kijana" kama nilivyotaka mimi.

Hebu mtazame sasa akiwa mezani na Pesci. Pesci anazungumza kwa sauti ya chini, bila pupa. De Niro anasikiliza, anangoja, hamkatizi. Ile miaka 17 inaonekana, na si tarakilishi iliyoileta, maana iliwalainisha wote wawili. Pale amefanywa mdogo.

Waliotengeneza The Lord of the Rings, iliyoanza kutoka 2001, walilijua hili mapema. Katika onyesho la gari la farasi, Ian McKellen aliketi karibu na kamera, Elijah Wood akaketishwa nyuma zaidi, na jicho letu likadhani wako bega kwa bega. Nyumba ya Bilbo ilijengwa mara mbili, kubwa na ndogo. Hila ya umbali iliposhindwa, aliingia Kiran Shah, mwenye kimo cha sentimita 126 hivi, akasimama badala ya Wood. Shah ni mzaliwa wa Nairobi, naam, hii yetu. Kwa hila hizo Wood hakupunguzwa. Alipewa tu mkubwa wa kusimama naye.

Ndiyo maana sipendi tena msemo "kupunguzwa umri", kana kwamba umri ni kilo za sukari kwenye mizani.

Haki isemwe, mwanafunzi wangu hakufafanua neno lake, na huenda alilitumia kwa mazoea tu. Alama nimemrudishia hata hivyo. Swali langu la pambizoni nimelifuta na kuandika jingine: mdogo kwa nani? Nangoja jibu lake.