Tluway Mmoja, Rekodi Mbili

Alikuja dirishani na bahasha ya plastiki yenye vyeti vyake vyote, kuanzia cha kuzaliwa. Binti wa Endagikot, wilayani Mbulu, mwaka wa pili. Bumu la wenzake, yaani fedha ya mkopo, lilishaingia, lake bado. Katika mfumo mpya wa taarifa za wanafunzi tuliouwasha muhula ule, matokeo yake ya mwaka wa kwanza yalikaa chini ya jina la baba, Tluway, na usajili wa mwaka wa pili chini ya Tiluway. Kwa kompyuta hao walikuwa watu wawili: mmoja ameacha chuo, mwingine hajawahi kufanya mtihani hata mmoja.

Chuo nakiacha bila jina, maana yaliyotokea pale hutokea popote rekodi za miaka mingi zinapohamishwa kwa haraka.

Wengi walikimbilia kuilaumu programu. Mimi nilianza na jina. Kiiraqw, lugha ya kwao, kina sauti ambazo Kiswahili hakina: tl, sl, hh, q, x, katika maandishi yake hata mkwaju ni herufi. Karani aliyekulia Tanga akisikia Tluway, mkono wake unatafuta irabu ya kupachika katikati. Hhando anabaki Hando, Qwaray anakuwa Kwaray. Ukishuka Hanang kwa Wadatoga, majina mengi ya wanaume yanaanza na Gida na ya wanawake na Uda. Ukiyapanga kwa alfabeti yanabanana mstari kwa mstari, na jicho lililochoka linaruka. Halafu kuna mkoa. Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, kwa hiyo aliyezaliwa Mbulu kabla ya hapo cheti chake kinasema Arusha na fomu yake ya chuo inasema Manyara. Ukiiagiza kompyuta ilinganishe jina na mkoa, itamkataa mtu halali kabisa.

Ufunguo wa kweli tunao tangu zamani: namba ya mtihani wa kidato cha nne kutoka Baraza la Mitihani (NECTA), yenye kituo, mtahiniwa na mwaka. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilipoendesha udahili wa pamoja kuanzia 2010 hadi vyuo viliporudishiwa kazi hiyo 2017, namba hiyo ndiyo iliyombeba mwombaji. Bodi ya Mikopo nayo humtambua kwa hiyo hiyo.

Lakini na namba huumia njiani. Sisi tuliipitisha kwenye Excel. Tulipoikata penye mikwaju ili tupate safu tatu, 0045 ikawa 45, kwa sababu Excel ikiona tarakimu tupu hufuta sifuri za mbele. Mfumo mpya ukatafuta 0045, ukaikosa, ukafungua rekodi mpya kwa jina lililoandikwa upya kwa mkono. Ndivyo Tiluway alivyozaliwa. Dawa yake ni kuiambia Excel, wakati wa kuingiza faili, kwamba safu ile ni maandishi. Kazi ya dakika moja, na sisi tuliigundua baada ya wiki tatu za foleni.

Waliorudia mtihani wana namba mbili, ya S walipokuwa shuleni na ya P walipojitegemea. Hao tuliwatengenezea jedwali la pembeni: mtu mmoja, namba zake zote.

Wakubwa walitaka rekodi zinazofanana ziunganishwe zote kwa mkupuo, usiku mmoja. Nilipinga, na ningepinga tena leo, kwani ndugu wawili wa kijiji kimoja wangeamka na matokeo ya mtu mmoja. Tuliufunga mfumo wa zamani ubaki wa kusoma tu, tukalinganisha idadi ya wanafunzi na ya alama somo kwa somo. Kila muungano ulihitaji watu wawili, mmoja apendekeze, mwingine aidhinishe akiwa na cheti mkononi. Rekodi iliyokosewa haikufutwa. Ilifungwa, na maelezo ya nani kaifunga na lini.

Kilichonitisha zaidi ni wastani. Kwa kipimo cha pointi 5 kinachotumika katika vyuo vyetu vingi, daraja la kwanza linaanzia 4.4, na desimali ya pili hukatwa. Programu ilikuja na desturi yake ya kukadiria, ikaifanya 4.38 kuwa 4.4. Hakuna mwanafunzi anayekuja dirishani kulalamika kwamba amepandishwa daraja, kwa hiyo foleni isingetuambia kamwe. Tuliligundua kwa kuchapa upya transkripti za wahitimu wa zamani na kuziweka sambamba na zile zenye muhuri.

Siku ya kuunganisha rekodi ya yule binti nilimkaribisha upande wetu wa meza aandike jina mwenyewe. Akaandika T, akaandika l, akakitazama cheti cha kidato cha nne, akamalizia.

"Kaka, na huyu Tiluway mtamfuta?"

Nikamwambia hapana, atabaki humo amefungwa, na chini yake pameandikwa kwamba ni yeye.