Gorila, Sokwe na Mgeni Asiyesemezwa: Uhakiki wa Matini za Tovuti za Utalii Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini za tovuti ambazo kampuni za utalii za Kampala hutumia kunadi safari za kuwaona gorila wa milimani. Yanadai kwamba uandishi unaolenga kupanda katika injini za utafutaji umeamua mambo mawili kwa pamoja: namna ya kusema na nani wa kusemezwa. Msomaji wa Kiswahili, ambaye Katiba ya Uganda na viwango vya ada vinamtambua, ameachwa nje. Makala yanapendekeza hatua ambazo taasisi za umma zinaweza kuchukua.

1.0 Utangulizi

Hifadhi ya Taifa ya Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Sensa iliyofanyika mwaka 2018 ilihesabu gorila wa milimani 459 katika eneo la Bwindi na Sarambwe, kati ya 1,063 waliobaki duniani. Biashara ya kuwatembelea huendeshwa kwa sehemu kubwa kutoka Kampala, na duka lake la kwanza ni ukurasa wa tovuti. Anayetafuta safari huona kwanza kile ambacho injini ya utafutaji imekiweka juu. Kwa hiyo matini hizi, ingawa ni za kibiashara, ndizo zinazomfundisha mgeni masharti ya hifadhi kabla hajakutana na askari wa wanyamapori.

2.0 Kaida za Utanzu

Matini hizi zina kaida zinazotambulika kwa urahisi. Kichwa hubeba jina la mnyama, jina la nchi na mara nyingi mwaka. Aya ya kwanza hurudia maneno hayohayo kwa mpangilio mwingine. Hufuata sifa ya Uganda kuwa lulu ya Afrika, inayonasibishwa na kitabu cha Winston Churchill cha mwaka 1908, kisha bei, mavazi na majira bora ya kusafiri. Mwishoni huja maswali na majibu.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo bora zaidi. Hapo msomaji huelezwa kwamba kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwamba muda wa kukaa nao ni saa moja, na kwamba aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Ubora wake unatokana na jambo dogo: mwandishi anajibu swali la mtu. Katika aya za mwanzo anaihudumia mashine, na nathari inalegea.

Ajabu ni kwamba mashine yenyewe haikuhitaji huduma hiyo. Tangu mwanzo wake mwaka 1998, Google ilipima pia viungo vinavyouelekea ukurasa, si maneno yake peke yake. Mwaka 2009 ilitangaza kwamba haitumii orodha ya maneno msingi iliyofichwa katika msimbo wa ukurasa kupanga matokeo. Mwaka 2011 ilianza kushusha kurasa zenye maudhui hafifu. Machi 2024 ilitangaza sera dhidi ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi ili kupanda ngazi tu, yawe ya mashine au ya binadamu. Mtindo wa kurudiarudia umebaki kama mazoea ambayo sababu yake imekwisha.

3.0 Kiswahili Kinapoingia

Mtindo huo hauwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila kuathirika. Kiingereza hurudia kirai kimoja bila kukibadili. Kiswahili hutumia ngeli na viambishi: kibali cha kuwaona gorila, vibali vyao, nitapataje kibali, waliopewa kibali. Anayeng'ang'ania umbo moja huandika sentensi ambazo hakuna mzungumzaji angezitamka.

Tatizo la pili ni la istilahi. Mfasiri anayeandika sokwe mahali pa gorila huwapeleka wasomaji wengi, hasa wa Tanzania, kwa wanyama wa Gombe na Mahale. Na ndani ya Uganda, huwapeleka Kibale. Hao ni wanyama wengine, wenye vibali vingine. Hata hivyo, wapo wanaomwita gorila sokwe, na ukurasa usiolitaja neno hilo kabisa hautawafikia. Suluhisho ni la kiuandishi: kutumia gorila wa milimani kama jina kuu, na kueleza mapema tofauti yake na sokwe. Sentensi moja ya aina hiyo humsaidia msomaji na injini kwa pamoja.

4.0 Hoja ya Soko

Inaweza kujibiwa kwamba kampuni haina kosa. Julai 2024 kibali cha mgeni asiye mkaazi kilipangiwa dola 800 za Marekani, ilhali raia wa Afrika Mashariki walipangiwa ada nafuu kwa shilingi za Uganda. Takwimu za utafutaji huonyesha maswali mengi ya Kiingereza, na mwandishi hufuata wateja walipo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini takwimu hizo hupima maswali yaliyokwisha kuulizwa. Asiyetarajia jibu kwa Kiswahili huuliza kwa Kiingereza au hunyamaza, na kimya chake husomwa kama ukosefu wa haja. Aidha, kinachokosekana si tangazo pekee. Gorila huambukizwa maradhi ya njia ya hewa na binadamu, ndiyo maana mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia. Sharti hilo likieleweka nusu, anayelipia gharama ni mnyama mwenyewe.

5.0 Hitimisho

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha matumizi yake rasmi, na Julai 2023 Kampala iliandaa maadhimisho ya kikanda ya Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi hayo yanahitaji kurasa zinazosomeka.

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo ndiyo hupanga ada na masharti, inafaa kuanza. Iandike kurasa za Kiswahili zenye anwani zake zenyewe na alama ya lugha katika msimbo, badala ya kutegemea kitufe cha tafsiri ambacho matini yake huwa haiingii katika faharasa ya injini. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isaidie kusawazisha istilahi. Kampuni zitapata chanzo cha kunukuu na kuunganisha. Mafanikio yapimwe kwa maswali ambayo mgeni hahitaji tena kuyauliza langoni, kabla ya kuhesabu idadi ya waliofungua ukurasa.