Zulia Kabla ya Maikrofoni

Anayetaka kuanzisha studio nyumbani kwa fedha kidogo huuliza kwanza anunue maikrofoni gani. Nadhani anaanzia mwisho. Kinachostahili fedha yake ya kwanza, na fikra zake nyingi zaidi, ni chumba, na ushahidi upo katika albamu ya mwanamuziki Bruce Springsteen iitwayo Nebraska, iliyotoka Septemba 1982. Sehemu kubwa yake ilirekodiwa mapema Januari mwaka huo katika chumba cha kulala cha nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey. Zilikuwa rekodi za majaribio tu, za kuwafundishia wanabendi nyimbo mpya. Mashine ilikuwa Portastudio 144 ya Teac, iliyoingia sokoni 1979 ikiwa ya kwanza kurekodi treki nne kwenye kaseti ya kawaida, nayo maikrofoni zilikuwa mbili aina ya Shure SM57, zile zile zinazosimamishwa mbele ya ngoma na spika za gitaa majukwaani. Springsteen aliimba huku akipiga gitaa, kisha treki mbili zilizobaki zikabeba harmonika, sauti ya pili na vikolezo vingine. Baadaye nyimbo hizo zilirudiwa na bendi yake, E Street Band, katika studio kubwa ya New York, lakini rekodi za kaseti ndizo zilizotolewa.

Chumba kile kilikuwa na zulia zito la manyoya marefu, rangi ya chungwa, na Springsteen mwenyewe amelisifu kwa kukifanya kisiwe na mwangwi. Hapo ndipo penye hesabu. Maikrofoni hupokea sauti mbili: itokayo mdomoni moja kwa moja, na iliyokwisha kugonga kuta, dari na sakafu. Ya kwanza huongezeka kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapopunguzwa kwa nusu. Ya pili hubaki karibu vile vile popote ulipo chumbani. Mwimbaji aliyekuwa sentimita 60 kutoka kwenye maikrofoni akisogea hadi 15 amejipatia desibeli 12 bila kutoa hata shilingi. Zulia nalo hupunguza ile ya pili. Mtu atasema kwamba Nebraska imejaa mwangwi. Ni kweli, ila mwangwi ule ulitiwa baadaye, wakati wa kuchanganya, kwa mashine ya Echoplex. Rekodi kavu unaweza kuilowesha utakavyo, lakini iliyokwisha kulowa na mwangwi wa sebule haikauki. Programu za kisasa hujaribu, na mara nyingi huacha sauti imekwaruzika.

Prodyuza atapinga akisema kwamba siri ni aina ya maikrofoni: SM57 ni ya dainamiki, haisikii chumba kama zile za kondensa. Hoja hii inarudiwa sana na ni nusu ya ukweli. Maikrofoni mbili zenye mwelekeo mmoja wa kupokea, zikiwekwa umbali ule ule, hupata karibu uwiano ule ule wa sauti ya mdomo na sauti ya chumba. Kondensa hutoa umeme mwingi zaidi na hunasa vizuri zaidi masafa ya juu, kwa hiyo humshawishi mwimbaji asimame mbali, na umbali huo ndio unaoharibu. Tena dainamiki ina kasoro yake: huhitaji kukuzwa sana, na kadi ya sauti ya bei ya chini ikikuza sana huanza kuvuma yenyewe.

Katika nyumba zetu za saruji na sakafu za vigae dawa inayopendwa ni trei za mayai, au sponji nyembamba iliyobandikwa ukutani. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita 3.4, haliwezi kusumbuliwa na sentimita mbili za sponji. Vitu hivyo hupunguza masafa ya juu pekee, chumba kikabaki kizito, besi zikiunguruma na maneno yakififia. Kinachosaidia ni unene: magodoro yaliyosimamishwa pembeni, mapazia mazito yaliyoachwa mbali kidogo na ukuta, kabati lililofunguliwa likiwa limejaa nguo. Wala yasichanganywe mambo mawili. Godoro hunyonya sauti iliyomo chumbani. Halizuii mvua juu ya bati wala bodaboda barabarani. Kuzuia huhitaji uzito na kuziba kila upenyo, nako ndiko kunakomaliza fedha, hivyo mwenye bajeti ndogo ni heri arekodi saa za utulivu.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba Springsteen alikuwa tayari nyota mwenye kampuni ya rekodi nyuma yake. Nalikubali, na hata naliongezea: nyimbo zilichanganywa kwenda kwenye redio kaseti ya Panasonic, na kaseti hiyo iliwatesa mafundi wa kukata santuri, majaribio kadhaa yakashindwa kabla ya moja kufaulu. Urahisi wa chumbani ulilipiwa mbele ya safari. Lakini udhaifu huo ulikuwa wa kanda, na umekwisha. Kadi ya sauti ya bei nafuu leo hurekodi kwa biti 24, na kaseti haikaribii uwezo wake wa kunasa sauti ndogo na kubwa pamoja. Kuta za saruji hazikupata maendeleo kama hayo.

Hoja hii ina mpaka wake. Mtu mmoja na gitaa wanaweza kuisogelea maikrofoni. Kwaya ya watu ishirini haiwezi. Wao wanahitaji umbali ili sauti zao zichanganyikane hewani, na umbali unadai chumba kikubwa kinachopendeza kwa mwangwi wake chenyewe. Kwa kazi hiyo, mwenye studio ya chumbani abebe kompyuta yake na maikrofoni mbili aende kanisani siku ambayo hakuna ibada.